Mtambo Ulioitwa Hana Faida

Nyumbani kwangu hapakuwa na taa ya umeme hata moja. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakinisikia nikisimulia jinsi nilivyogombana na nusu ya mji kwa ajili ya mtambo wa umeme wa halmashauri, hudhani nilikuwa napigania balbu yangu. Balbu sikuwa nayo. Nilikuwa na kibatari, na taa ya chemli yenye kioo kilichopasuka, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu ambayo haikuhitaji umeme wa mtu yeyote. Nilichokuwa napigania ni maji.

Mji wetu ulikuwa mdogo, kwenye barabara ya vumbi inayotoka Dodoma, ukishaipita Chemba na kabla hujafika Kondoa. Nilikwenda huko nikiwa bibi harusi, nimetolewa Chang'ombe, Dodoma mjini, ambako maji yalitoka bombani, yakikatika tunalalamika, yakirudi tunasahau. Nilipofika ukweni, kabla hina haijafutika mikononi, nikaonyeshwa ndoo, kibuyu cha kuchotea, ngata ya kuweka kichwani na njia ya kwenda korongoni.

Korongo letu lilikuwa mto wa mchanga. Wakati wa masika lilishuka maji mekundu kwa kelele siku chache, halafu likakauka, na miezi yote iliyobaki wanawake tulichimba. Unachimba shimo mchangani, unakaa pembeni unangoja maji yajikusanye, unachota kidogo kidogo kwa kibuyu, unangoja tena. Kiangazi kikikomaa, shimo linakuwa refu kiasi kwamba aliye ndani humwoni ila kitambaa chake cha kichwani. Kisha unabeba ndoo na kupanda mlima kurudi mjini. Nilijifunza kupanda huku nikimeza hasira, maana mtu mwenye ndoo kichwani hawezi hata kutikisa kichwa kukataa.

Katika kupanda huko ndiko mimba yangu ya kwanza ilikoharibikia. Sitazunguka zunguka: nilikuwa na ndoo kichwani, tumbo likanikata, nikakaa chini pembeni mwa njia, na ndoo nikaitua taratibu isimwagike. Mpaka leo jambo linalonikera kuliko yote ni hilo, kwamba nilihangaika na ndoo kwanza. Wenzangu walinibeba mpaka nyumbani. Siku zilizofuata mama mkwe wangu alinipikia uji na kunikanda kwa maji ya moto, tena bila maneno mengi, kwa sababu maneno mengi hakuwa nayo siku zote.

Mwaka uliofuata halmashauri ikavuta waya.

Mtambo wenyewe ulikuwepo tangu zamani, mtambo wa dizeli wa rangi ya kijani, ndani ya banda la mabati karibu na ofisi za halmashauri. Ulikuwa ukiwasha taa za ofisi, kituo cha afya, na nyumba chache za wakubwa. Laini ya taifa haikuwa imefika kwetu, na hakuna aliyekuwa akiitarajia. Basi madiwani wa wakati ule, Mungu awalipe mema, wakaamua waya upande mlimani, upite kituo cha afya mpaka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa na kuachwa, na pampu ikafungwa. Kila asubuhi mtambo ukaanza kuunguruma, pampu ikasukuma maji kwenye tangi, na maji yakashuka mpaka kwenye bomba la mtaa wetu. Kila kaya ilichangia kidogo. Kilichokusanywa kilinunua dizeli na vipuri, kikibaki kitu kinangoja vipuri vingine. Hakuna mtu aliyekwenda nacho nyumbani.

Siku ya kwanza bomba lilipotoa maji nilichota ndoo moja, nikaimwaga yote miguuni pangu, mbele za watu. Walisema mke wa fulani amechanganyikiwa. Nikachota nyingine nikaenda nayo nyumbani, hatua chache tu, nikajiambia kwa sauti: mtoni sirudi tena.

Miaka ikaenda. Mimba nyingine haikuja. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Dodoma na Babati, mtu mpole, na hakunitia maneno. Lakini maneno yana watu wake. Asubuhi moja nilikuwa uani nikipindia gauni la mteja, mama mkwe akawa anaongea na jirani ng'ambo ya ukuta wa miti. Jirani akamuuliza habari za wajukuu. Mama mkwe akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizwa bei ya dagaa: "Mke mwenyewe huyu hana faida."

Hakujua kwamba namsikia. Nilimaliza pindo lile mpaka mwisho, halafu nikalifumua lote kwa sababu nilikuwa nimelishona upande wa nje. Sikumwambia kitu, siku hiyo wala mwaka huo. Nilimpikia, nikamsalimia shikamoo kila asubuhi, naye akaitika marahaba. Lakini tangu hapo kila mtu aliposema "faida" mbele yangu niligeuka, kama vile nimeitwa jina.

Na ikaja miaka ambayo watu hawakuwa na neno lingine mdomoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu ruksa. Mitumba ikamwagika sokoni mpaka sisi washonaji tukageuka wapunguza suruali. Maduka ya ushirika yakafungwa, madukani mwa watu binafsi kukawa na sabuni za kila rangi. Viwanda viliuzwa, mashamba yaliuzwa, redio ikatuambia serikali haiwezi kufanya biashara, na kila aliyekuwa na uwezo akatazama huku na huku aone nini kingine kinauzika.

Kwetu kiliuzika mtambo.

Aliyeutaka alikuwa mfanyabiashara mwenye duka kubwa barabarani, na mimi nilikuwa nikishonea kwenye baraza la duka hilo hilo. Sitamfanya mwovu ili hadithi yangu ipendeze. Alinipa baraza lake kwa maneno mazuri, nami nilimshonea wanawe sare za shule na kanzu yake ya Idi, ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Alinisalimia vizuri kila siku. Alitaka mtambo kwa ajili ya mashine yake ya kusaga, friji za soda, nyumba ya wageni aliyoanza kuijenga, na ukumbi wa kuonyeshea video. Niliposikia uvumi nilimuuliza bila kupinda, mguu wangu ukiwa bado kwenye kanyagio la cherehani.

"Na waya wa mlimani, shemeji? Wa pampu?"

Tuliitana shemeji kwa sababu alisoma darasa moja na mume wangu. Alikuna kidevu, akatazama barabarani.

"Ule shemeji sitaki nikudanganye. Waya mrefu, nguzo mbovu, na juu kule wa kunilipa ni nani? Ule hauna faida."

Nikakata uzi kwa meno, nikamwambia asante kwa kunijibu ukweli. Hasira nilikuwa nazo, lakini yeye sikuweza kumkasirikia, na hilo likaniudhi zaidi.

Kikao cha madiwani kiliitishwa. Wananchi tuliruhusiwa kuingia na kukaa nyuma, tusikilize tu, na waliokosa viti walisimama madirishani. Mimi niliingia kwa mlango mwingine, kwa sababu nilikuwa mwanachama wa kikundi cha akina mama tuliokuwa tukipika chai na maandazi ya vikao vya halmashauri. Tulipika kwenye ua wa nyuma, na maji tulikuwa tukichota kwenye bomba la pale pale.

Mkoani walimleta mtaalamu, kijana mtanashati mwenye shati la mikono mirefu joto lile, ili awaeleze madiwani njia zilizokuwepo. Akaeleza kwamba njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kumuuzia mtambo mwekezaji. Ya pili, halmashauri ibaki nao, lakini iunde chombo chake cha kuuendesha, chenye kamati na hesabu zake, kisichoingiliana na mambo mengine ya ofisi. Nilikuwa nikimimina chai, moyo ukanituama. Huyu kijana yuko upande wetu, nikasema. Kisha akataja jina la chombo hicho.

"Hili, waheshimiwa, litakuwa shirika lisilo la faida."

Mjue kwamba wengi wa madiwani wetu walikuwa watu wa Kirangi, Kisandawe na Kigogo, na Kiswahili walikivaa wakija mjini, wakirudi nyumbani wanakivua. Mheshimiwa mmoja, mzee mfugaji kutoka kata ya bondeni, akanyanyua mkono.

"Bwana mtaalamu, unasema litakuwa halina faida?"

"Ndiyo, mzee wangu. Halina faida."

"Sasa hivi halina, au hata baadaye?"

"Hata baadaye," kijana akasema kwa furaha, akidhani wanaelewana. "Halitakuwa na faida kamwe. Ndiyo sheria yake. Na hata ikitokea faida kwa bahati mbaya, hairuhusiwi kugawanywa."

"Kwa bahati mbaya!" mtu akarudia dirishani, watu wakaangua kicheko.

Mzee mfugaji hakucheka. Alikuwa mtu makini. Aliweka kikombe chini, akasimama na kushika fimbo yake kwa mikono miwili. "Mimi nina ng'ombe," akasema. "Ng'ombe kama hana faida, hazai, hakamuliwi, hafai kulima, mimi nampeleka mnadani. Simuundii kamati. Mtambo huu bwana mtaalamu mwenyewe amesema, hana faida, na akitaka kuwa na faida tunamkataza. Sasa tunaufuga wa nini?"

Shuleni wangemsahihisha, wangemwambia mtambo ni "hauna". Lakini yeye alikuwa anamsema ng'ombe, na tangu dakika ile mtambo ukawa "hana faida" kwa kila mtu mle ndani. Kijana wa watu akajitahidi. Akasema hapana, maana yake si hiyo, akaeleza upya, akazama zaidi. Mwisho akajipangusa jasho akasema kwamba kwa Kiingereza linaeleweka vizuri tu. Waheshimiwa wakamaliza chai, wengine vikombe viwili, na karibu wote walikuwa wameshaamua kuuza. Mwenyekiti akaahirisha ili mnunuzi apate nafasi ya kuukagua mtambo, kisha kura ipigwe kikao kijacho.

Nilisuuza vikombe vile huku machozi yananitoka, na wenzangu wakadhani ni moshi. Neno ni lile lile. Mtu anatazama kitu kinachomlisha, kinachomnywesha, kinachomwogesha, anasema hana faida, na kila mtu anaitikia. Ndivyo nilivyowaza, na katika kuwaza huko sikuweza kutenganisha mtambo na mimi mwenyewe.

Ukaguzi ukaanza, na mtambo ukazimwa. Fundi wa mnunuzi aliufungua, akatandaza vyuma vyake kwenye gunia, akasema anangoja kifaa kutoka Dodoma. Tangi la mlimani likaisha maji. Ilikuwa kiangazi chenye upepo ule wa kwetu wa vumbi, upepo unaokutafuta mpaka ndani ya chandarua. Wanawake wakatoa ndoo zao, wakatafuta ngata zao za zamani, wakashuka korongoni.

Mimi nilikuwa mjamzito.

Nilikuwa nimejua siku chache kabla, na nilikuwa sijamwambia mtu ila mume wangu, ambaye alikuwa safarini. Asubuhi ile mama mkwe aliweka ndoo mbili mlangoni, yangu na yake ya akiba, kama zamani. Nikatoka ndani nikaziangalia. Nilikuwa nimeahidi miaka ile, na maji yamenilowesha miguu, na nilikuwa bado nimeahidi.

"Mama," nikamwambia, "shikamoo."

"Marahaba."

"Mtoni siendi."

Alinitazama usoni, akashuka kwa macho mpaka tumboni, hapo ambapo palikuwa bado hapaonyeshi kitu. Sijui aliona nini. Alikuwa mwanamke aliyezaa wengi na kuzika wengine, labda hakuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nilikuwa na majibu yangu yote tayari, hata yale ya miaka ya nyuma. Yeye akainama, akaviringisha kanga ya zamani akaifanya ngata, akachukua ndoo moja, akaondoka. Mgongo wake ulikuwa umeshapinda. Nilimtazama akishuka mpaka akapotea kwenye kona ya mbuyu mkubwa, na nilibaki mlangoni bila kujua nifanye nini na majibu yangu.

Akarudi jua limekuwa kali, ndoo haijajaa. Akaitua, akakaa kwenye kigoda akihema. Nikamletea maji ya kunywa kutoka kwenye hayo hayo aliyoyaleta. Kesho yake akaenda tena. Nilijaribu kumzuia, nikasema tutanunua kwa watu wa punda, akanitolea jicho. "Wewe kaa," akasema.

Basi nikakaa. Lakini kukaa kwangu kulikuwa na kazi. Nilizunguka kwa wenzangu wa kikundi cha chai, mmoja mmoja, wanaporudi kutoka korongoni wamechoka, na kila mmoja nilimwambia jambo moja: kikao kinakuja, na waheshimiwa watataka chai. Maji ya chai hiyo tutayatoa wapi?

"Korongoni," akasema wa kwanza.

"Utambebea nani? Wanaotaka kuuza pampu?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Wengine hawakuhitaji kushawishiwa. Mmoja tu alisita, alikuwa mke wa karani, akaogopa mumewe ataulizwa. Nilimwambia asigome, aje tu akae jikoni kama kawaida. Sisi hatukukataa kupika. Sufuria zitakuwepo, kuni zitakuwepo, sukari itakuwepo, na majani ya chai yatakuwepo. Maji tu.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Nilipita katikati ya watu waliokuwa nje nikamwona mama mkwe amesimama dirishani, ngata yake ameivaa mkononi kama bangili. Alikuwa ametoka korongoni moja kwa moja. Hakuwahi kuja kikaoni maishani mwake.

Waheshimiwa wakafungua kwa dua, wakasoma yatokanayo, joto likapanda. Upepo ukarusha vumbi kupitia madirisha. Wakaanza kukohoa, mmoja akalamba midomo. Ukafika wakati wa chai, chai haikuja. Wakaendelea kidogo. Mwenyekiti akamtuma karani jikoni, karani akarudi na kumnong'oneza. Mwenyekiti akakunja uso.

"Hebu mwiteni mmoja wao aje aeleze hii chai ina nini."

Wenzangu wote wakanitazama. Nikajifunga kanga vizuri, nikaingia. Kisheria sikuwa na ruhusa ya kusema neno mle ndani, lakini nilikuwa nimeitwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, chai haipo kwa sababu maji hayapo. Maji hayapo kwa sababu mtambo umezimwa."

"Si mngechota korongoni?"

"Kwa ajili ya nani, Mheshimiwa?"

Minong'ono ikapita ukumbini. Mwenyekiti akataka kunijibu, lakini mzee mfugaji wa bondeni alikuwa ameshageuka na kiti chake chote.

"Binti," akasema, "unataka kutuambia mtambo ana faida? Bwana mtaalamu alisema hana."

Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo siku zote zile nikiwa nimekaa mlangoni nikimtazama mama wa mume wangu anapanda mlima.

"Shikamoo, mzee. Naomba nikuulize kuhusu ng'ombe wako."

"Marahaba. Uliza."

"Nyumbani unaye ng'ombe wa maziwa?"

"Ninaye."

"Maziwa unayauza?"

"Maziwa ya nyumbani? Siuzi. Wajukuu wanakunywa."

"Yakibaki?"

"Ndama naye hali?"

"Kwa hiyo ng'ombe huyo hakuletei chochote mfukoni. Kesho utampeleka mnadani?"

Akacheka kwa mshangao. "Huyo nimuuze? Huyo ndiye tunaishi naye!"

"Basi bwana mtaalamu alikuwa anakuambia hilo, mzee. Kwamba mtambo huu ni wa maziwa, si wa mnada. Tunakunywa sisi, na kinachobaki ni cha ndama, ndiyo dizeli na vipuri. Hakuna wa kwenda kumuuza na hakuna wa kukamua peke yake."

Mtaalamu, ambaye alikuwa amerudi na shati jingine la mikono mirefu, akapiga meza kwa kiganja. "Ndiyo! Ndiyo hivyo hivyo!" akasema, akacheka kwa sauti, na watu wakacheka naye. Nilimpenda kwa kicheko kile.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya vizuri. Lakini macho yangu yakakutana na ya mama mkwe dirishani, na nikajikuta nasema tena.

"Na neno hilo la hana faida, waheshimiwa, nawaomba mlitazame kabla ya kulitupa. Linaumiza. Mtu analisikia akiwa anafanya kazi yake, na hamjui kama amewasikia."

Hapakuwa na mtu mle ndani aliyeelewa, ila mmoja aliyekuwa nje. Mwenyekiti akasema tusichanganye mambo, mtambo hausikii. Nikasema ndiyo, Mheshimiwa, nikatoka.

Yaliyofuata niliyasikiliza nimeegemea mlango. Diwani mmoja alisimama akasema hata kama mtambo utauzwa, mnunuzi ataendelea kupeleka umeme kisimani, kwa hiyo hakuna ugomvi. Wakamwita mnunuzi mwenyewe athibitishe. Mwenye baraza langu akasimama, akavua kofia, na nikamwona akinitafuta kwa macho.

"Waheshimiwa, mimi ni mfanyabiashara," akasema. "Nikisema nitapeleka umeme kisimani nitakuwa nadanganya. Labda mwaka wa kwanza, kwa aibu."

Angeweza kuahidi. Wengi walikuwa wanaahidi miaka ile, na kura ingepita. Mikono ilipoinuliwa, ya kuuza ilikuwa michache, na mzee mfugaji aliponyoosha wake wa kutouza aliunyoosha pamoja na fimbo. Mtambo ukabaki wa halmashauri, kamati ikaundwa, na mimi nikatiwa ndani ya kamati hiyo ili, kama alivyosema Mwenyekiti, nisiwe na sababu tena ya kuwanyima watu chai.

Mwenye duka hakunifukuza siku ile. Aliniacha nimalize nguo za wateja, halafu akaja akiwa amefunga mikono nyuma. "Shemeji, baraza nitalihitaji," akasema. Nilijua litafika. Nikabeba cherehani yangu nikaihamishia nyumbani, chini ya upenu, ambapo vumbi liliniandama na wateja walipungua. Iliniuma, sitasema haikuniuma. Baadaye alinunua mtambo wake mdogo kwa ajili ya video na soda, tukasikia mitambo miwili ikiunguruma mjini, na suruali zake bado alizileta kwangu kupunguzwa.

Lakini jina halikufutika. Watu wa kwetu wakishapata neno la kuchekesha hawaliachi. Mtambo ukaunganishwa upya, ukawashwa asubuhi, na watoto wakakimbia mtaani wakipiga kelele: "Hana Faida ameamka!" Maji yakitoka, "Hana Faida ametapika!" Ukiharibika, na uliharibika mara nyingi, tukasema Hana Faida anaumwa. Hata barua moja ya kamati iliandikwa hivyo na karani kwa kujisahau. Mimi mwenyewe nikazoea. Neno lililokuwa likinichoma likageuka jina la kitu ninachokipenda, na nikaliita kwa mdomo wangu bila kuhisi kitu.

Mtoto alizaliwa asubuhi, katika kituo cha afya cha mlimani, mtambo ukiwa unaunguruma na pampu inafanya kazi. Msichana. Mume wangu hakuwahi kufika, lori lilikuwa limekwama Kolo. Aliyempokea mtoto mikononi mwa mkunga ni mama mkwe, na aliyefua nepi zake siku zote arobaini ni yeye, pale pale bombani, akinizuia nisiguse hata ndoo.

Siku moja nilikuwa nimekaa kizingitini nikimnyonyesha mtoto, yeye anafua, na bomba likawa linatoa maji kwa kukoroma. Nikacheka nikasema, "Mama, leo Hana Faida ana kifua."

Hakucheka. Ndipo nilipotambua kitu ambacho kilikuwa mbele yangu muda wote. Mji mzima ulikuwa unaliita jina hilo, wazee kwa watoto, sheikh na mchungaji. Yeye peke yake sikuwahi kumsikia. Yeye siku zote alisema "mtambo wetu".

"Mama, mbona wewe huliiti jina lake?"

Alikamua nepi mpaka tone la mwisho, akaikung'uta, akaianika kwenye kamba. Kisha akasema akiwa amenipa mgongo:

"Neno hilo nililitamka mara moja, mwanangu. Likanitosha."

Akachota maji mengine.